Je, Mchagua Kikao Hataki Kupona?

Wahenga walinena: mchagua jembe si mkulima. Methali hii twawafundisha wanafunzi wetu kila mwaka, nasi twaiamini. Lakini lipo jambo moja ambalo yatupasa kujiuliza kama methali hiyo inalitosha. Mtu aliyetawaliwa na ulevi huamua kuacha, akashauriwa kujiunga na kikundi cha watu wanaosaidiana kuacha pombe. Huenda mara moja, asirudi tena, na akiulizwa husema, "Kikao kile hakinifai." Je, mtu huyu ana haki ya kuchagua, au kuchagua kwenyewe ni ulevi unaotafuta mlango wa kutokea?

Kwanza tuone kwa nini kikao kinahitajiwa. Huku kwetu, mashariki ya Uganda, malwa hunywewa na watu waliokizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Hapo mtu hupata kinywaji, lakini hupata pia habari, utani, na mahali pa kuitwa ndugu. Aachaye pombe huagana na vyote hivyo kwa siku moja. Tukimwambia tu, "Acha," twamwamuru akae peke yake. Na upweke ni njia fupi ya kurudia chungu. Lililofungwa na kikao hufunguliwa na kikao.

Ushahidi tunao. Mwaka 1935, Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York aliyekuwa ameacha pombe kwa miezi michache tu, alijikuta katika mji wa Akron, shughuli yake imeharibika na tamaa ya kunywa imemrudia. Hakutafuta mtu wa kumhubiria. Alipiga simu huku na huko akitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akaonyeshwa daktari Bob Smith. Mazungumzo yao ndiyo yaliyozaa Alcoholics Anonymous, jina tunaloweza kulifasiri kuwa Walevi Wasiotajana. Chama hicho hakitozi ada. Sharti lake la uanachama ni moja, nalo ni nia ya kuacha kunywa. Mwaka 2020 ilitolewa tathmini ya tafiti 27 zilizohusu watu zaidi ya 10,000. Ilionyesha kwamba waliosaidiwa kwa utaratibu maalumu kujiunga na mikutano hiyo walielekea kudumu bila pombe kuliko waliopewa tiba nyingine zilizozoeleka. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hata hivyo, vikao havifanani, na zipo sababu za haki za kuchagua. Mwanamke aliyedhulumiwa na walevi huenda asiweze kusema neno mbele ya wanaume. Kwa ajili hiyo Jean Kirkpatrick alianzisha huko Marekani, katika miaka ya 1970, chama cha wanawake peke yao. Hatua kumi na mbili za Alcoholics Anonymous humtaja Mungu kama kila mtu amfahamuvyo. Wapo zinaowafariji, na wapo zinaowalemea. Tena iko mikutano ya wazi, ambayo yeyote aweza kuhudhuria, na ya faragha, ya wenye nia ya kuacha tu. Lugha nayo ina uzito wake, kwa kuwa mtu huungama vizuri katika lugha anayoiotea ndoto.

Lakini zipo sababu nyingine zinazovaa joho la haki. "Wale si watu wa hadhi yangu." "Wao wamezidi, mimi bado." Hizi si sababu, bali ni pombe inayosema kwa kinywa cha mtu. Sisi walimu ndio tunaoelekea zaidi kuanguka hapa. Mwalimu huogopa kumkuta kikaoni mzazi wa mwanafunzi wake. Hofu hiyo si ya kudharauliwa, na anayeweza kwenda mji wa pili aende. Lakini aliyekwisha kuonwa akipepesuka barabarani ana siri gani tena ya kuilinda? Na mzazi yule naye ameletwa pale na ugonjwa ule ule.

Kwa maoni yetu, basi, mtu ana haki ya kuchagua watu atakaoketi nao, lakini hana haki ya kuchagua kweli atakayoambiwa. Kikao kifaacho si kile kinachompendeza, bali kile ambacho ndani yake uongo wake hauna mnunuzi, na aibu yake haina mchekaji. Hilo halijulikani kwa siku moja. Ahudhurie mara kadhaa, avijaribu vikao viwili au vitatu, na asikiache cha kwanza kabla hajakipata cha pili. Aliyezoea kunywa sana kila siku amwone mganga hospitalini kabla ya kukata pombe ghafula, kwani kuacha kwa namna hiyo huweza kuleta kifafa, hata kifo.

Tena asijiulize tu, "Nitapata nini pale?" Bill Wilson aliokoka kwa kumtafuta wa kumsaidia. Huenda katika kikao kile alichokikimbia yumo mtu aliyekuwa akiyangoja maneno yake.

Nasi tulio nje ya vikao tuna wajibu wetu: mwenzetu akituaga jioni kwamba anakwenda "mkutanoni", tusimwulize ni mkutano gani.