Damu Nyuma ya Mlango

Katika tanzia za Wayunani wa kale, yaani michezo ya misiba, kwa kawaida mtu hauawi mbele ya macho ya watazamaji. Mwaka 458 kabla ya Kristo, huko Athens, Aeschylus alionyesha kisa cha mfalme Agamemnon. Mfalme arudi kutoka vitani, aingia nyumbani mwake, nasi twasikia kilio chake tu. Baadaye mlango wafunguliwa: maiti iko chini, na mke wake amesimama hapo, akikiri wazi kwamba ndiye aliyemwua.

Lakini kamera haikomi mlangoni. BBC ya Uingereza ilikitengeneza kisa hicho kwa televisheni mwaka 1979. Kabla yake Pasolini, Mwitalia, alipita Uganda na Tanzania, hata Kigoma kando ya ziwa letu la Tanganyika, akitafuta nyuso za kukiigiza. Na katika sinema yake ya 1970 alitia picha za vita vya kweli vya Biafra. Hapo sisi twasita. Mwigizaji akiisha kuuawa hunawa rangi, akaenda kula. Marehemu wa Biafra hakuigiza, wala hakuulizwa.

Kwetu Luvungi swali hili si la wasomi tu. Katika bonde hilihili la Ruzizi, huko Mutarule, watu wapatao 30 waliuawa mwezi wa Juni 2014, wengine wakiwa katika sala. Mwaka 2015 Milo Rau, mtu wa tamthilia kutoka Uswisi, aliweka baraza katika Koleji Alfajiri, Bukavu, kamera zikipiga. Mashahidi walikuwa wa kweli, nayo mauaji ya Mutarule yalikuwa mojawapo ya mambo yaliyosikilizwa. Ila baraza hilo halikuwa na mamlaka ya kumfunga mtu.

Wako watakaosema: pasipo picha za maiti, nani huko Ulaya atasadiki? Neno hili lina uzito, hatulidharau. Lakini picha ya maiti yashtua tu. Haisemi nani aliua, wala kwa nini askari hawakuja. Hayo huyasema shahidi.

Mwishoni mwa kisa cha Aeschylus, Orestes, aliyemwua mamaye kulipiza kisasi cha babaye, asimama mbele ya waamuzi. Kura zalingana, aachiliwa, na kisasi chakoma. Atakayekileta kisa hiki kwa Kiswahili katika televisheni atawatendea vema wajane wa bonde letu akiufunga ule mlango wa mfalme, na kuiacha kamera ikae sana barazani, kwa wanaosema.