Kabla ya Kuongeza Mikro

Wanangu wa Nyabiondo, nimechoka kulirudia jambo hili, lakini mkinivumilia nitalisema tena, polepole. Kila kwaya ikitaka kurekodi, swali la kwanza ni mikro ngapi zinunuliwe Goma. Hakuna anayeuliza kama ngozi za batri, yaani seti ya ngoma, zimekazwa, wala kama mpigaji anajizuia kuyapasua matoazi. Mikro haiponyi ngoma mbovu. Huutangaza ubovu wake.

Hugh Tracey alipopita Kongo mwaka 1952 kurekodi muziki wa wazee wetu, mara nyingi alishika mikro moja mkononi, akiisogeza kwa anayestahili kusikika. Glyn Johns, fundi wa albamu ya kwanza ya bendi ya Led Zeppelin, iliyorekodiwa London mwaka 1968, alisifika kwa kurekodi batri nzima kwa mikro tatu au nne. Hao hawakukosa akili, wanangu.

Basi, mwenye mikro moja aiweke mbele ya batri, juu kidogo, asogee nayo mpaka ngoma na matoazi visikike kwa kiasi. Mwenye mbili, ya pili aipeleke kwenye ngoma kubwa ya kukanyagwa. Hapo mikro ya kawaida ya kuimbia inafaa: inastahimili kishindo na haidai umeme. Zile nyepesi kusikia, zinazodai volti 48 kutoka kwenye mikseri, ziacheni juu.

Mwenye tatu, moja ibaki kwenye ngoma ya kukanyagwa, nyingine iwe juu ya ngoma ndogo yenye waya, na ya mwisho upande wa ngoma nene inayosimama chini kwa miguu yake. Pimeni kwa kamba: hizo mbili za mwisho ziwe mbali sawasawa na ngoma ndogo. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Ikichelewa kufika kwenye mojawapo, mawimbi hukatana na mdundo hukonda.

Jenereta ipelekeni mbali, na mgongo wa mikro uitazame. Mvua ikianza kupiga mabati, zimeni, msubiri. Hakuna fundi, hata wa Kinshasa, atakayeiondoa mvua hiyo baadaye bila kuichubua ngoma.

Sauti isipowapendeza, msikimbilie sokoni. Kazeni ngozi, sogezeni mikro mliyo nayo, msikilize tena. Fedha itakayobaki, mlipeni mpiga ngoma.