Mazuri, mabaya, ya kuvutia

Edward de Bono, daktari mzaliwa wa Malta, alisimulia alivyowauliza wanafunzi 30 wa Sydney, Australia: je, mtoto alipwe kwa kwenda shule? Wote walishangilia.

Akawataka wakae katika vikundi, waorodheshe kwanza mazuri ya wazo hilo, halafu mabaya, mwisho yale ya kuvutia tu. Ndipo maswali yakaibuka: wakubwa hawatawanyang'anya wadogo? Wazazi hawatakata fedha za matumizi? Na nani atalipa? Wanafunzi 29 wakabadili msimamo.

De Bono hakuwashawishi. Aliwapa utaratibu, wakafikia uamuzi wenyewe, na hiyo ndiyo thamani kubwa ya utaratibu huo. Mwalimu, kabla ya mjadala ujao darasani, wape wanafunzi karatasi yenye safu tatu.