Isidori Bakanja: Msamaha Unaoanzia Kwenye Rozari



Vijana wenzangu, leo nataka tumtazame kijana mmoja wa Kongo. Hakuwa padre wala mtawa, na hakuacha kitabu hata kimoja. Alikuwa kibarua wa ujenzi, halafu mtumishi wa nyumbani. Ni Mwenyeheri Isidori Bakanja.

Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 katika misioni ya Watrapisti, akiwa kijana wa miaka kama 20. Tangu hapo rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli havikumtoka. Baadaye alikwenda kufanya kazi kwenye shamba la kampuni ya wazungu, huko Ikili. Wenzake walipomwona anasali walimwomba awafundishe, naye akawafundisha. Msimamizi wa shamba hakutaka kabisa kusikia habari za wamisionari. Akamwamuru aivue skapulari. Isidori akakataa. Mwaka 1909 akachapwa kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari, mpaka mgongo mzima ukawa kidonda. Vidonda vikaoza. Akateseka miezi kadhaa, akafariki tarehe 15 Agosti mwaka huohuo.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ya viboko ni hiki: wamisionari walipomfikia kitandani na kumhimiza asamehe, walikuta ameshasamehe. Aliwaambia kwamba akifika mbinguni atamwombea sana yule mzungu.

Sasa najiuliza, moyo huo aliutoa wapi? Msamaha wa namna ile hauji ghafla tu mtu akishaumizwa. Jibu naliona mkononi mwake, kwenye ile rozari.

Tuhesabu pamoja. Ukisali rozari ya makumi matano, Baba Yetu unaisali mara sita. Maana yake, mara sita unamwomba Mungu akusamehe kama wewe unavyowasamehe wengine. Salamu Maria unaisali mara hamsini na tatu, na kila mara unamwomba Mama akuombee sasa na saa ile ya mwisho. Isidori aliyasali maneno hayo siku baada ya siku, kazini na njiani. Saa yake ilipofika, maneno yalikuwa yameshakuwa moyo wake. Na tazameni siku aliyofariki: sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria!

Ndiyo maana nasema skapulari si hirizi. Haikumzuilia Isidori hata kiboko kimoja. Ni kisakramenti, alama ya mtu aliyejiweka chini ya ulinzi wa Mama ili amfuate Mwana. Na Mwana alipokuwa msalabani aliwaombea waliomsulubisha (Lk 23:34). Stefano akafanya vilevile akipigwa mawe (Mdo 7:60). Isidori alipita njia hiyohiyo.

Hapa kuna jambo naomba tulielewe vizuri, kwa sababu vijana wengi wanaumizwa makazini na majumbani. Kusamehe si kuficha uovu. Mkaguzi wa kampuni alipofika, Isidori, aliyekuwa amejificha msituni, alijitokeza na majeraha yake yakaonekana. Kwa hiyo kama kuna mtu anakunyanyasa, sema. Nenda kwa mzazi, kwa paroko, kwa vyombo vya sheria. Haki unaweza kuidai huku moyo wako haumtakii mwenzako jehanamu.

Nami nina sababu ya kumpenda Mwenyeheri huyu. Kuna mtu niliyemfanyia kazi, malipo yangu hakunilipa mpaka leo. Nimedai kwa njia halali na ninaendelea kudai. Lakini kila jioni kumi moja la rozari ni lake, namtaja kwa jina. Siwadanganyi, bado inauma. Kuna siku midomo inasali na moyo umenuna. Ila Yesu hakusema tuwaombee wanaotuudhi siku tukijisikia vizuri. Alituagiza tuwaombee, basi (Mt 5:44).

Wiki hii tujaribu mambo matatu:

1. Asubuhi, kabla ya kushika simu, fanya Ishara ya Msalaba na umtolee Mungu siku yako.

2. Soma Injili ya siku. Chukua neno moja tu, uende nalo kwenye daladala, darasani, gengeni.

3. Jioni sali walau kumi moja kwa ajili ya mtu aliyekuumiza. Mtaje kwa jina. Ukishindwa kulitaja, mwambie Yesu, "Bwana, unamjua." Anza hapo.

Ukiona chuki imekita mizizi, usikae nayo peke yako. Nenda kwenye Kitubio, kisha upokee Ekaristi. Isidori naye alipokea sakramenti kitandani pake kabla ya kufa.

Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994. Kibarua wa Kiafrika, mlei, kijana kama mimi na wewe. Basi tusiseme utakatifu ni wa watu wengine.

Tuombe: Ee Yesu, uliyempa Isidori nguvu ya kuungama imani na kumwombea aliyemtesa, utujalie nasi moyo huo, hasa kwa yule ambaye jina lake linatuuma. Amina.

Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee.