Nani Alikwambia Hesabu Si Zako?

Nani alikwambia?

Mtaje. Ni mwalimu wa kidato cha pili? Ni karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani, kila mpita njia akiisoma? Ni mjomba aliyeamua mbele ya wageni kwamba kichwa chako ni cha maneno, si cha namba? Yeyote yule, alikuwa akimsema mtoto. Mtoto huyo amekua. Waliosema wamekwisha kusahau walichosema. Ni wewe peke yako unayeendelea kuitumikia hukumu ile.

Mpaka lini?

Ndani yako kuna akili kubwa iliyolala. Sikubembelezi. Nasema ninachokiamini, na sababu ninayo: hesabu ngumu, hesabu za nyota, za mabadiliko, za kutafuta kilicho bora kuliko vyote, zimewahi kufunguliwa na watu ambao hawakuwa na chuo wala mwalimu. Walikuwa na kitabu na ukaidi.

Mchukue Benjamin Banneker. Alizaliwa mwaka 1731 huko Maryland, ambayo leo ni sehemu ya Marekani: mtu mweusi huru katika nchi ambako watu weusi waliuzwa mnadani. Alikuwa mkulima wa tumbaku. Shuleni alipita kwa muda mfupi tu. Akiwa kijana aliazima saa ya mfukoni, akaichunguza gurudumu kwa gurudumu, kisha akachonga ya kwake kwa mbao, na saa hiyo ikafanya kazi kwa miaka mingi.

Alipokuwa anakaribia miaka 60, jirani yake, George Ellicott, alimwazima vitabu vya falaki, vyombo vichache vya kupimia na meza. Ellicott alikusudia kurudi kumpa masomo. Shughuli zikamchelewesha.

Banneker hakumngoja.

Isome tena. Hakumngoja! Alivifungua vitabu mwenyewe. Usiku alijizungushia joho, akalala chali nje, akazifuata nyota mpaka alfajiri. Mchana alilala, na majirani wakamwona mvivu. Waache waone. Mwaka 1789 alikuwa ameshakokotoa kupatwa kwa jua na kumpelekea Ellicott hesabu yake. Ilikuwa na kosa. Alifanya nini? Alifunga kitabu na kusema falaki si ya watu kama yeye? Hapana. Alilifuata kosa lile mpaka kwenye mzizi, kisha akaandika barua akieleza kwamba waandishi wawili aliowasoma wanatofautiana wao kwa wao. Mkulima wa tumbaku anawahoji waandishi wa vitabu! Mwaka 1791 akawa miongoni mwa waliopima ardhi ya mji mkuu mpya, Washington. Mwaka huohuo akamwandikia Thomas Jefferson, mmoja wa viongozi wa nchi hiyo, akambana juu ya utumwa, na pamoja na barua akatuma kalenda ya nyota aliyoiandika kwa mkono wake. Kalenda hiyo, ya mwaka 1792, ilichapishwa na kuuzwa.

Sasa niambie tena kwamba umechelewa. Una miaka mingapi? 24? 38? 51?

Na anga yako ni pana kuliko yake. Sikupambi kwa maneno, hii ni jiometri. Kule kaskazini, Banneker akiwa nyumbani kwake, Msalaba wa Kusini haukuchomoza hata usiku mmoja. Wewe wa Nanyuki, wa Kisumu, wa Entebbe, uko kwenye ikweta au hatua chache kutoka hapo. Mwaka ukizunguka, karibu kila nyota inayoonekana kutoka duniani hupita mbele ya macho yako. Kilimia, ambacho wakulima walikitumia kujua majira, kinapita juu ya paa lako. Unajua kwa nini Zuhura hung'aa jioni kwa miezi kadhaa, kisha ikahamia alfajiri? Unajua kwamba Mshtarii ina miezi minne unayoweza kuiona kwa darubini ndogo ya mkononi? Umewahi kutoka nje ukatafuta?

Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitavuka kusini mwa Hispania, kitapita Afrika Kaskazini, Misri, Saudia na Yemen, na kufika kaskazini mwa Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6. Sisi wengine wa Afrika Mashariki tutaliona jua likimegwa sehemu tu. Siku hiyo watu wengi watasimama barabarani na kushangaa. Wewe utakuwa nani? Mmoja wa wanaoshangaa, au yule aliyekaa na daftari miezi kabla na kuwaambia majirani zake dakika ambayo jua litaanza kumegwa, na kuwaonya kwamba bila miwani maalumu wasilitazame?

Tarehe imeshapangwa. Haitakungoja.

"Sina mwalimu," unasema.

George Green wa Nottingham, Uingereza, alikuwa mtoto wa mwoka mikate. Shule aliisoma mwaka mmoja hivi, kisha akaitwa kazini. Baadaye akasaga nafaka kwenye kinu cha upepo cha baba yake. Mwaka 1823 alijiunga na maktaba ya kulipia ada pale mjini. Mwaka 1828 akatoa andiko lake juu ya matumizi ya uchanganuzi wa hisabati katika umeme na sumaku. Waliojiandikisha kulinunua walikuwa watu 51. Akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge akiwa na miaka 40, akaketi na vijana wa umri wa kuwa wanawe. Alifariki mwaka 1841, kabla wakubwa wa sayansi hawajatambua alichowaachia. Leo ni vigumu kumaliza shahada ya fizikia bila kukutana na jina lake.

Magunia, vumbi la unga, na uchanganuzi wa hisabati. Vyote katika maisha ya mtu mmoja!

"Lakini vitabu ni vya Kiingereza." Nathaniel Bowditch wa Salem, Marekani, aliacha shule akiwa na miaka 10, akajifunza Kilatini peke yake ili amsome Newton. Kilatini! Fungua kamusi. Tuendelee.

Chukua karatasi. Nasema kweli, chukua.

Una waya wa mita 40. Unataka kuzungushia bustani ya mboga yenye umbo la mstatili. Upande mmoja ni ukuta wa nyumba, kwa hiyo waya unahitajika pande tatu tu. Upana uwe mita ngapi, na urefu ngapi, ili upate eneo kubwa kuliko yote?

Usishuke kwenye aya inayofuata kabla hujaandika jibu.

Umeandika? Wengi hukimbilia mraba: pande tatu sawasawa, mita 13 na theluthi kila upande. Eneo lake linakaribia mita za mraba 178. Si baya. Lakini sasa upana uite x. Pande mbili za upana zinachukua 2x, na urefu unabaki 40 − 2x. Eneo ni x mara (40 − 2x). Jaribu x iwe 8: mita za mraba 192. Iwe 9: 198. Iwe 10: 200. Iwe 11: 198 tena. Umeona? Eneo linapanda, linafika kileleni, linaanza kushuka. Upana mita 10, urefu mita 20, na umepata mita za mraba 22 zaidi za mchicha kwa waya uleule, bila kuongeza hata shilingi.

Hiyo ndiyo hesabu ya uboreshaji. Umeianza sasa hivi, hapo ulipokaa.

Uliogopa nini miaka yote hii?

Mwaka 1945 mchumi George Stigler aliuliza swali la jikoni: mtu mzima anaweza kula kwa gharama ndogo kiasi gani kwa mwaka na bado apate viini lishe vyote anavyohitaji? Aliorodhesha vyakula 77 na mahitaji 9 ya mwili. Kwa akili na kukisia alifika dola 39.93 kwa bei za mwaka 1939. Mwaka 1947 George Dantzig alibuni njia ya kulitatua swali la aina hiyo mpaka mwisho, bila kukisia. Makarani 9 wakaketi na mashine za kukokotolea za mezani, wakafanya kazi ambayo ingemchukua mtu mmoja siku 120 hivi. Jibu: dola 39.69. Stigler alikuwa amekosea kwa senti 24 tu. Ila sasa palikuwa na uhakika kwamba chini ya hapo hakuna.

Fikiria mfugaji wa kuku anayechanganya chakula mwenyewe: pumba, mahindi, mashudu ya alizeti, dagaa, chokaa. Kila kimoja kina bei yake, kila kimoja kina protini yake. Dagaa wamepanda bei wiki hii. Apunguze kiasi gani, aongeze nini, kuku wasidumae? Swali hilo ni la Stigler na Dantzig, neno kwa neno. Kompyuta ndogo hulijibu kwa kufumba na kufumbua. Anayekosekana ni mtu wa kuliandika. Mtu wa mtaa huu, anayejua bei ya debe na anayejua mlinganyo.

Kwa nini asiwe wewe?

Nitakwambia ukweli pia, kwa sababu hamasa isiyo na ukweli huisha kabla ya chakula cha usiku. Utakwama. Utakwama hasa kwenye uchanganuzi wa hisabati, pale kitabu kinapokataa neno "karibu" na kukudai uthibitisho. Mfano huu: 0.999… yenye 9 zisizokoma, ni ndogo kuliko 1, au ni 1 yenyewe? Macho yanasema ni ndogo. Uchanganuzi unasema ni 1, na unakuwekea mezani sababu. Taja pengo lolote unalodhani limebaki kati yake na 1, liwe dogo upendavyo. Nitakuonyesha 9 ya ngapi inayolipita pengo lako. Taja dogo zaidi, nitalipita tena. Kama hakuna pengo unaloweza kulitaja, basi pengo halipo. Wazo hilo la kikomo likikuingia, nusu ya hofu yako imekwisha. Lisipoingia leo, lala, kesho rudi. Likigoma kesho, rudi keshokutwa. Ukurasa mmoja kwa jioni nzima si aibu. Kwenye vitabu hivi ndio mwendo wenyewe.

Na acha kusoma kwa macho! Kusoma hesabu bila kalamu ni kumtazama mwenzio akila ukitegemea kushiba. Soma uthibitisho, funga kitabu, uandike upya kwa maneno yako. Ukikwama mstari wa tatu, umegundua hasa usichokijua, na hiyo ni faida kuliko kurasa 20 ulizozipitia ukitikisa kichwa. Mazoezi ya mwisho wa sura ndiyo kitabu. Maelezo yaliyotangulia yalikuwa kukuandaa tu.

Vitabu viko wapi? Usinitanie. Kitabu cha Astronomy cha OpenStax ni bure, unakipakua kwenye simu. Vya kalkulasi vya haohao ni bure. Convex Optimization cha Stephen Boyd na Lieven Vandenberghe, kilichotoka mwaka 2004 na kinachofundishiwa vyuo vikuu vikubwa, waandishi wenyewe wamekiweka bure kwenye tovuti yao. Hicho kiache kwanza. Anza na kalkulasi na aljebra ya matriki. Kwenye uchanganuzi mtafute Stephen Abbott, anaandika kwa upole. Walter Rudin, ambaye kitabu chake cha mwaka 1953 bado kinawatoa jasho wanafunzi, mwache mpaka baadaye, ukishapata misuli. Banneker alisubiri karibu miaka 60 mtu amwazime. Wewe ulishusha video ngapi wiki hii?

Na muda? Nusu saa kwa siku ni zaidi ya saa 180 kwa mwaka. Nusu saa hiyo unayo. Iko kwenye foleni ya daladala, iko kwenye mabishano ya mpira uliokwisha kuchezwa, iko kwenye kupekua simu bila kutafuta kitu. Ikamate! Mwaka utapita tu, usome usisome. Tofauti ni kwamba mwishoni mwake utakuwa na daftari lililojaa, au utakuwa na visingizio vilevile vimeongezeka umri.

Usiku huu, kabla hujalala, waya ni uleule wa mita 40. Safari hii bustani, bado ya mstatili, iko kwenye kona ambako kuta mbili ndefu zinakutana, na waya unahitajika pande mbili tu. Eneo kubwa kuliko yote ni lipi? Ukilipata, thibitisha kwamba hakuna linalolizidi.

Jibu sikupi.

Kalamu yako iko wapi?