Amana ya Mwelekezaji

Programu huria za kompyuta mara nyingi hutolewa bure, na yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzigawa. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Hata hapa Same hupeana watu habari za namna hiyo: toleo jipya limetoka, lipakue kwenye kiungo hiki. Nami hujiuliza: anayewaelekeza wenzake anawiwa nini nao?

Swali si dogo. Anayenunua dukani ana risiti, na anaujua mlango wa kurudia. Anayepokea cha bure ana neno la mwelekezaji tu. Huku Upare maji ya kijito hukusanywa katika ndiva, kisha hushuka kwa mfereji hadi mashambani. Aliye chini huona maji yaliyomfikia. Hamwoni aliyeyagusa njiani.

Wengi huchagua kiungo chenye kasi, maana kifurushi cha intaneti ni fedha. Siwalaumu. Lakini wahenga walisema rahisi ghali. Mwaka 2015 SourceForge, ghala la programu lililoaminiwa kwa miaka mingi, lilitoa GIMP ya Windows ikiwa imefungwa pamoja na matangazo ya programu nyingine, bila ridhaa ya watengenezaji wake.

Mtu atasema, basi tuelekezane kwa watengenezaji wenyewe. Ni kweli, lakini haitoshi. Tarehe 20 Februari 2016 wadukuzi waliingia katika tovuti ya Linux Mint, wakageuza kiungo kielekeze kwenye nakala yenye mlango wa siri wa kuingilia kompyuta ya mtu. Waliodhurika walikuwa wamepita njia iliyo halali.

Kwa hiyo naona mwelekezaji anawiwa vitu viwili: kiungo cha watengenezaji, na njia ya kuhakiki kilichopakuliwa. Njia hiyo ni ile alama ndefu ya herufi na tarakimu inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ambayo hubadilika faili likiguswa hata kidogo; pamoja nayo iwepo sahihi ya watengenezaji, kwa kuwa aliyeweza kubadili kiungo aweza kubadili na alama iliyo kando yake.

Nani atajisumbua kuhakiki? Pengine mmoja katika mia. Lakini huyo mmoja akipiga kelele, tisini na tisa huokoka. Kumwambia mwenzako "niamini" ni rahisi. Kumpa kipimo cha kukupimia wewe mwenyewe, huko ndiko kumheshimu.