Neno la Mkuu na Namba Tasa

Wahenga walinena kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walakini kuna swali: je, neno huwa kweli kwa sababu mkuu amelinena, au mkuu hulinena kwa sababu ni kweli? Hesabu yaweza kutusaidia kujibu.

Natushuke mpaka Dunga, kando ya mji wa Kisumu, wavuvi wanapopakua ngege ufuoni. Samaki 13 wakitandazwa chini, hawapangiki katika safu zilizo sawa, ila wote safu moja au kila mmoja peke yake. Namba ya namna hiyo huitwa tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Sasa tuseme samaki ni 91, na nahodha mzee, mtu wa heshima, anatamka kuwa 91 nayo ni tasa. Kwa macho yafanana na tasa. Lakini mtoto akipanga safu 7 za samaki 13, hasalii hata mmoja. Mzee hakupungukiwa na heshima. Kauli yake tu ndiyo iliyoanguka.

Jambo kama hilo lilipata kutukia kwa namba kubwa. Mwaka 1644 Marin Mersenne, padri Mfaransa aliyesifika kwa elimu, alitaja namba alizodhani ni tasa. Mojawapo ilipatikana kwa kuzidishana 2 zipatazo 67, kisha kutoa 1: yaani 147,573,952,589,676,412,927. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha kuwa si tasa, ila hakuzitaja namba ziigawanyazo. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahesabu wenzake huko New York, akazidisha ubaoni 193,707,721 kwa 761,838,257,287. Yasimuliwa kwamba hakutamka neno. Jawabu lilikuwa namba ile ile.

Mersenne hakuwa mwongo. Alikosea kama wanadamu wakoseavyo. Wala waliompinga hawakumshinda kwa matusi, bali kwa kazi. Kukana pasipo kupima ni uvivu ule ule wa kukubali pasipo kupima.

Sheria hiyo haijabadilika. Mwaka 2024 ilitangazwa namba tasa yenye tarakimu 41,024,320. Mtu akiisoma tarakimu moja kila sekunde, usiku na mchana, atapitisha siku 474 na zaidi. Hata hiyo haikukubaliwa kwa sifa ya aliyeigundua, bali baada ya kupimwa upya kwa mashine nyingine.

Basi, kijana, lisikie la mkuu, maana ameona mengi kabla yako. Lakini kusikia ni mwanzo wa kupima, si mwisho wake. Ukipima, pima kwa adabu na kwa jasho lako mwenyewe. Na siku utakapokuwa mkuu wewe, usimkemee mtoto apangaye samaki.